OILI YA BUNDUKI: IPI INAFAA KWA UNYEVU WA BUKOBA NA MULEBA?

Msimu wa kahawa unapoanza mkoani Kagera, fedha taslimu huanza kutembea. Vituo vya kununulia kahawa, maghala, maduka ya jumla na kambi za uvuvi visiwani Muleba huongeza walinzi, na wenye silaha za leseni hukumbuka bunduki iliyokaa sefuni tangu msimu uliopita. Ikitolewa, mara nyingi hukutwa na madoa mekundu kwenye mtutu, kifyatuo kizito na oili iliyoganda kama gundi. Mwenye mali hutuma kijana dukani akanunue "oili yoyote". Kijana hurudi na oili yoyote kweli, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Suala hili si dogo kwa wafanyabiashara. Bunduki ya marisawa, au shotgun kama inavyoitwa na wengi, ni mali ya gharama inayopatikana kwa taratibu ndefu za kibali. Ikiharibika haibadilishwi kwa siku moja, kwani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mmiliki apitie mamlaka husika, na biashara ya silaha na kazi ya ufundi wa silaha nazo zinaendeshwa kwa leseni. Huwezi kwenda kwa fundi baiskeli wa jirani. Tena bunduki isiyolia usiku wa lindo ni hatari kwa mlinzi aliyeishika, hata kabla mwenye ghala hajahesabu magunia yake.

Unyevu ndio adui

Bukoba iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande wa magharibi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ukanda wa ziwa hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Ukielekea magharibi, upande wa Karagwe, mvua hupungua sana. Kwa hiyo mwenye bunduki Karagwe anaweza kuisahau kwa muda bila kuona kutu kubwa. Mwenzake wa Kemondo, wa Kamachumu au wa kisiwa cha Bumbire hana nafasi hiyo.

Maji ya ziwa letu hayana chumvi, na hilo ni nafuu ukilinganisha na Tanga au Zanzibar. Chumvi inayokula chuma hapa hutoka kwenye mikono. Jasho la mlinzi aliyeshika bunduki saa kumi na mbili huacha alama za vidole, na baada ya siku chache alama hizo hugeuka kutu yenye umbo la vidole vyenyewe. Nyumba nazo zina lake. Sefu la chuma lililowekwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kwenye sakafu ya saruji inayotoa unyevu, hufanya kazi kama chungu kilichofunikwa. Usiku chuma kinapopoa, unyevu uliomo ndani hugeuka matone.

Kwa hali hiyo, oili ya bunduki Bukoba ina kazi tatu, na lazima mnunuzi ajue ni ipi anayoitaka kwanza. Kazi ya kwanza ni kusafisha, yaani kulegeza masizi ya baruti, risasi na plastiki iliyobaki mtutuni. Ya pili ni kulainisha sehemu zinazosuguana. Ya tatu ni kuzuia kutu. Bunduki ya mlinzi hufyatuliwa mara chache sana, pengine mwaka mzima hailii. Kusafisha masizi kwake si tatizo kubwa, na kulainisha kunahitaji matone machache tu. Kazi inayobaki, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika mwambao huu, ni kutu. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Huchagua oili kwa jinsi inavyoteleza kati ya vidole, ilhali utelezi ndio jambo wanalolihitaji kidogo kuliko yote.

Kilichopo dukani

Oili ya cherehani ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote, kuanzia Soko Kuu la Bukoba hadi kwenye duka la kijijini. Ni oili nyepesi, safi, iliyochujwa vizuri, na haigandi upesi. Kwa sehemu ndogo kama kifyatuo na bawaba za bunduki ya kukunja inafaa sana. Udhaifu wake ni kwamba ni nyepesi mno, na nyingi hazina dawa ya kuzuia kutu. Ikipakwa kwenye mtutu, baada ya wiki kadhaa hutiririka na kukauka, na chuma hubaki wazi. Mwenye kuitumia lazima airudie mara kwa mara, hasa masika.

Oili mpya ya injini hudharauliwa bila sababu. Oili hizi, zikiwa zile zinazoandikwa SAE 30, 40 au 20W-50, hutengenezwa zikiwa na dawa za kupunguza msuguano na kuzuia kutu ndani ya injini iliyozimwa. Ni nzito, hivyo hubaki pale zilipopakwa. Kwa bunduki inayokaa sefuni kwa miezi, tabaka jembamba la oili mpya ya injini hulinda kuliko oili ya cherehani. Ubaya wake ni kwamba hushika vumbi, na kwa sehemu ndogo za ndani ni nzito kupita kiasi. Oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki nayo inafaa. Ni nyepesi kuliko ya injini, ina dawa za kuzuia kutu, na katika maduka ya spea haikosekani.

Neno lililosisitizwa hapo ni "mpya". Oili chafu, ile iliyomwagwa gereji, isiguse bunduki. Ndani yake mna masizi, maji, chembe za chuma na tindikali zilizotokana na uchomaji wa mafuta, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mwenye bunduki anavikimbia. Isitoshe, oili hiyo ikishika ngozi mara kwa mara kwa miaka huhusishwa na saratani ya ngozi. Bei yake ni bure au karibu na bure, na ndiyo maana inaonekana kwenye malindo mengi.

Mafuta ya taa na dizeli husafisha vizuri. Hulegeza masizi na oili iliyoganda, na fundi mzuri huyatumia kuosha sehemu kabla ya kupaka oili yenyewe. Kosa ni kuishia hapo. Mafuta ya taa hukauka na kuacha chuma kikiwa uchi zaidi ya mwanzo, kwani hata ile oili kidogo iliyokuwapo imeoshwa. Petroli haifai kabisa. Hukausha kila kitu na moshi wake hushika moto upesi. Kuna watu husafisha silaha usiku kwa mwanga wa koroboi, na mtu wa namna hiyo hahitaji mwizi ili apate hasara.

Mafuta ya kula yabaki jikoni. Ya alizeti na ya pamba hushikana na hewa na kugeuka utando mgumu unaonata. Kinachoonekana kwenye kikaango kilichokaangiwa senene na kuachwa wiki nzima bila kuoshwa ndicho kinachotokea ndani ya kifyatuo. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi, kwa sababu yana tabia ya kuvuta maji kutoka hewani na hubabua rangi na vanishi ya kitako.

Grisi ina mahali pake, lakini ni padogo. Tone la grisi ya kawaida ya bearingi kwenye bawaba ya bunduki ya kukunja, pale chuma kinapobeba chuma kwa nguvu, ni jambo zuri. Zaidi ya hapo huzuia mambo kwenda.

Makopo ya kupuliza

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa mjini wanapotumia fedha nyingi. WD-40, inayofahamika zaidi katika aina hii, ilibuniwa Marekani mwaka 1953, na herufi za jina lake zinasimamia kuondoa maji. Namba 40 ni hesabu ya jaribio lililofaulu. Lengo la wabunifu lilikuwa kuzuia kutu kwenye ganda la kombora la Atlas. Kwa bunduki iliyonyeshewa mvua lindoni, hakuna kitu cha haraka kuliko hicho. Hupenya chini ya maji na kuyasukuma nje. Lakini sehemu kubwa ya dawa yenyewe huvukiza, na utando unaobaki ni mwembamba. Aliyepuliza asubuhi na kuirudisha bunduki sefuni kwa miezi mitatu amefanya nusu ya kazi. Ilitakiwa baada ya maji kutoka, aifute na kupaka oili ya kukaa.

Oili zilizotengenezwa kwa ajili ya silaha hasa zipo, na baadhi zina historia ndefu. Ballistol ya Ujerumani ilianza mwaka 1904 kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo, likiwa na haja ya mafuta ya aina moja yatakayofaa chuma, mbao na ngozi kwa pamoja. Ina asili ya alikali kidogo, hivyo hupunguza nguvu ya tindikali ya jasho, na huchanganyika na maji. Sifa hizo mbili zinaifaa Bukoba kuliko hata huko ilikotoka. Hoppe's No. 9 ya Marekani, iliyoanza mwaka 1903, ni dawa ya kusafisha mtutu. Wapo wanaoinunua wakidhani ni oili ya kulinda. Zipo pia oili za "kazi tatu kwa moja", zinazosafisha, kulainisha na kulinda, zilizoenea baada ya jeshi la Marekani kuziweka kwenye orodha yake ya mahitaji. Ni nzuri. Swali ni kama bei yake, baada ya kusafiri kutoka Dar es Salaam zaidi ya kilometa 1,300, inalingana na faida inayoletwa juu ya oili nyekundu ya gia boksi kwa bunduki inayolia mara moja kwa mwaka. Kwa mwindaji wa kitalii mwenye raifo ya gharama kubwa, jibu ni ndiyo. Kwa mwenye ghala wa Muleba, jibu ni kwamba inategemea nani atakayeipaka, na ataipaka lini.

Mnunuzi wa kopo la kupuliza akumbuke pia kuwa ndani yake si oili tupu. Sehemu ya ujazo ni gesi ya kusukuma na viyeyusho vitakavyoruka hewani. Bei ya kopo ikigawanywa kwa oili inayobaki kwenye chuma, huwa juu sana kuliko inavyoonekana rafuni. Na kwa kuwa makopo hayo ni ya gesi inayoshika moto, hayasafirishwi kwa ndege kama mizigo ya kawaida. Mwenye kuagiza kwa haraka ategemee basi, lori au meli.

Chumvi iliyo chini ya oili

Liko jambo moja ambalo hata wenye bunduki wa miaka mingi hukosea. Risasi za zamani, hasa za kijeshi, zilikuwa na fataki yenye klorati ya potasi. Ikilipuka, huacha ndani ya mtutu chumvi inayofanana kitabia na chumvi ya mezani, yaani huvuta maji kutoka hewani. Chumvi haiyeyuki kwenye oili. Mtu akipaka oili juu yake, ameifunika tu, na kutu huendelea chini kwa chini huku mtutu uking'aa kwa nje. Dawa yake ni maji ya moto yenye sabuni kidogo, kisha kukausha kabisa, kisha oili. Risasi za kisasa za shotgun hazina tatizo hili, lakini Kagera ni mkoa uliopitiwa na vita vya mwaka 1978 na 1979 na uliopokea wakimbizi wengi mwaka 1994, na risasi za umri usiojulikana si kitu cha ajabu. Risasi ya namna hiyo ipelekwe polisi, si kwenye mtutu. Kwa ile ya leseni iliyonunuliwa kihalali lakini imekaa miaka mingi, kuosha kwa maji baada ya kufyatua ni tahadhari isiyogharimu kitu.

Gobore lililosajiliwa linafuata kanuni hiyohiyo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa baruti nyeusi huacha uchafu mwingi unaovuta unyevu. Hapa kanuni ya oili hugeuka. Oili ya mashine ikichanganyika na masizi ya baruti nyeusi hufanya lami ngumu mtutuni, wakati mafuta ya asili kama nta ya nyuki na mafuta ya wanyama huacha uchafu laini. Wazee waliotumia mafuta ya mnyama kwenye gobore hawakuwa washamba. Kosa ni la mjukuu anayepaka mafuta hayohayo kwenye shotgun ya kisasa.

Kupaka kidogo, si kumwaga

Kati ya oili chache na oili nyingi, nyingi ndiyo yenye hatari. Oili ikijaa kwenye tundu la pini ya kupigia, huganda na vumbi na kuifanya pini ipige fataki kwa uvivu. Mlinzi huvuta kifyatuo na kusikia mlio mdogo tu. Oili ikibaki ndani ya chemba, ganda la risasi halishiki kuta kama inavyotakiwa na nguvu yote hurudi nyuma kwenye bolti. Oili nzito ikijaa mtutuni ni kizuizi, na mtutu wenye kizuizi unaweza kupasuka. Kwa hiyo kabla ya bunduki kwenda lindoni, mtutu na chemba hufutwa kwa kitambaa kikavu. Risasi zenyewe hazipakwi oili kamwe. Oili nyepesi, na hasa zile za kupenya, zinaweza kuingia kwenye fataki na kuifisha.

Kitako cha mbao nacho kina haki yake. Oili ya mashine ikiingia kwenye mbao kwa miaka, huozesha pale mbao inapokutana na chuma, na siku moja kitako hupasuka. Bunduki ikishapakwa oili isimamishwe mtutu ukiangalia chini kwa usiku mmoja, ili ziada itoke mdomoni badala ya kuteremka kwenye mbao. Mbao zenyewe hupakwa mafuta ya kitani, kidogo, mara moja au mbili kwa mwaka. Ala za ngozi na za turubai ni za safarini. Bunduki ikihifadhiwa ndani yake, unyevu hukaa ukiwa umeigusa.

Kwamba mambo haya si ya kinadharia, jeshi la Marekani lilijifunza kwa damu. Katikati ya miaka ya 1960 askari wake walipelekwa Vietnam na bunduki mpya ya M16, wengi wakiwa wameambiwa haihitaji kusafishwa sana, na vifaa vya kusafishia vilikuwa haba. Baruti ilikuwa imebadilishwa, na chemba haikuwa na utando wa kromu. Katika unyevu wa nchi ile bunduki zilikwama zikiwa mikononi mwa watu waliokuwa wakishambuliwa. Kamati ya Bunge la nchi hiyo ilichunguza suala hilo mwaka 1967. Chemba ziliwekewa kromu, na mafunzo ya usafi pamoja na vifaa vikatolewa. Marekani ilikuwa na fedha za kununua oili yoyote duniani. Iliyokosekana ilikuwa ratiba, kitambaa na mtu wa kuulizwa.

Hesabu ya mnunuzi na ya muuzaji

Hesabu yenyewe huwashangaza wengi. Usafi wa kawaida wa bunduki moja ya lindo hutumia wastani wa mililita 2 za oili, tena kwa ukarimu. Kampuni ya ulinzi yenye bunduki 20 ikisafisha kila wiki, hutumia mililita 40 kwa wiki, yaani lita 2 na kidogo kwa mwaka mzima. Chini ya hapo hakuna cha kubana matumizi. Hata oili iwe ghali mara tano kuliko nyingine, tofauti kwa mwaka ni ndogo mbele ya mshahara wa mlinzi mmoja wa mwezi mmoja, na ndogo zaidi mbele ya bunduki moja iliyoliwa na kutu. Kampuni inayojivunia kutumia oili chafu ili kupunguza gharama imeokoa fedha mahali ambapo hapakuwa na fedha.

Gharama ya kweli ni mtu na muda. Bunduki inayopokezana zamu haina mwenyewe. Mlinzi wa usiku huidai ya mchana, wa mchana huidai ya usiku, na kutu haina upande. Kampuni zenye utaratibu huteua mtu mmoja mwenye daftari, siku moja maalumu kwa wiki, na kuandika namba ya bunduki, tarehe na jina la aliyeisafisha. Usafi hufanyika risasi zikiwa zimetolewa na kuwekwa chumba kingine, na chemba ikikaguliwa kwa macho na kwa kidole kabla ya kitambaa kuguswa. Bunduki iliyonyeshewa haisubiri siku ya ratiba.

Kwa muuzaji, hesabu hiyohiyo ni onyo. Mwekezaji mdogo anayefikiria kuagiza makatoni ya oili ya bunduki kutoka nje, akitegemea wenye silaha wa Bukoba na Muleba, ajue soko ni jembamba. Katoni moja ya chupa 12 za mililita 100 ni lita 1.2. Itaihudumia ile kampuni ya bunduki 20 kwa wiki 30. Kwa mwenye bunduki moja anayeisafisha kila wiki, chupa moja tu inakaribia kumaliza mwaka. Mtaji utalala rafuni, na mtaji uliolala hula riba ya mkopo.

Biashara inayozunguka ni ya oili nyepesi yenye dawa ya kutu inayouzwa kwa matumizi mengi. Cherehani, mnyororo wa baiskeli, kufuli la duka, mashine ya mkono ya kumenya kahawa na bawaba za sefu vyote huihitaji. Mwenye bunduki ni mteja mmoja kati ya hao. Kwa visiwani Muleba, ambako spea hufika kwa mtumbwi, chupa ndogo zinazofunga vizuri huuzika kuliko makopo makubwa, kwa kuwa mvuvi hununua kile anachohitaji wiki hiyo. Ndoo ya lita 20 inatoa chupa 400 za mililita 50 kabla ya upotevu, na faida ya rejareja iko hapo. Lakini anayepunguza ujazo na kubandika lebo yake anaingia kwenye eneo la Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na biashara ya vilainishi husimamiwa na EWURA. Aulize taratibu kabla ya kununua chupa. Lebo inayosema "oili ya bunduki" juu ya oili ya kawaida ni udanganyifu, na mteja wa lebo hiyo ni mtu mwenye bunduki.

Oili za bandia ni balaa jingine. Kopo la oili ya injini lenye jina kubwa linaweza kujazwa oili iliyochujwa kwa matambara. Mnunuzi aangalie muhuri wa kifuniko, tarehe na namba za kiwandani, na akifungua anuse. Oili mpya haina harufu ya kuungua, na tone lake kwenye karatasi nyeupe haliachi kiini cheusi. Duka linalotoa risiti ndilo la kurudia.

Kwa asiyetaka kuamini maneno ya lebo, jaribio lipo na halina gharama. Chukua misumari sita ya inchi nne, isugue kwa msasa hadi ing'ae, ioshe kwa petroli nje ya nyumba na uikaushe. Mitano ipake oili tano tofauti zilizopo mtaani, ufute ziada, na wa sita uuache mtupu. Ifunge kwa uzi kwenye baraza, mahali penye hewa ya nje pasiponyeshewa moja kwa moja, na uandike jina la kila oili kwenye kadi. Iangalie kila siku tatu. Sambamba na hilo, paka tone la kila oili kwenye kipande cha kioo na ukiweke juani wiki mbili, kisha ukiguse kwa kidole. Inayonata haitaingia kwenye kifyatuo. Mvua kubwa za Bukoba huanza Machi, kwa hiyo jaribio likifungwa barazani Februari litakuwa na majibu kabla Aprili haijaingia.